Ziwa Lililofanana na Koa

Nakala za ramani kongwe za Afrika siku hizi ni mapambo ya kawaida ukutani. Zinazopendwa zaidi ni za karne ya 16 na ya 17, kama ile ya Ortelius ya mwaka 1570, kwa sababu ya rangi na michoro yake. Kwa mwalimu wa Kiswahili, hata hivyo, iko moja isiyopendeza sana machoni ambayo ina manufaa makubwa zaidi. Nayo ni ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1856.

Ramani hiyo inaonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki, refu na lililopinda, hata huko Ulaya likafananishwa na koa. Wenyewe hawakuwahi kuliona. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, lakini ziwa lilichorwa kwa kusikia tu, kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani na watu wa misafara. Aliyeanzia safari Tanga alisema alifika kwenye maji makubwa. Wa Bagamoyo vilevile, na wa Kilwa pia. Erhardt akaamua kuwa maji hayo ni mamoja. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Nyanza, nyanja na nyasa ni maneno ya ukoo mmoja wa Kibantu, na maana yake ni ziwa au maji mengi tu. Si ajabu mgeni kuyadhani majina. Na lile neno “Uniamesi” lililoandikwa penye ziwa ni Unyamwezi, jinsi lilivyosikika katika sikio la Mjerumani. Kwa maoni yangu watoa habari walisema kweli, kila mmoja kwa njia yake. Kosa lilikuwa katika kuunganisha.

Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani kwenda kuhakikisha. Walifika Ujiji Februari 1858, na Agosti Speke akasimama kusini mwa ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale, akalipa jina la malkia wake.

Anayetaka kuitumia darasani atafute nakala kubwa ambayo herufi zake zinasomeka, kisha awape wanafunzi majina ya mahali wayaandike kwa tahajia ya leo.