Hayati Kapteni Paul Grüninger: Polisi Aliyewapokea Wakimbizi

Kamati ya jamii ilituomba sisi walimu tuandike habari za mtu mmoja wa kukumbukwa katika toleo hili la Siku ya Wakimbizi Duniani. Baada ya kushauriana tumemchagua mtu ambaye wengi wetu hatujapata kusikia jina lake. Hakuwa mkimbizi, hakuwa kiongozi wa taifa. Alikuwa polisi, mume na baba wa mabinti wawili, aliyefariki mwaka 1972 akiwa maskini. Ni Paul Grüninger, raia wa Uswisi.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1891 katika mji wa St. Gallen, mashariki mwa Uswisi, karibu na mpaka wa Austria. Wazazi wake walikuwa na duka la sigara. Sisi walimu tunafurahi kusema kwamba alikuwa mwenzetu: alisoma chuo cha ualimu huko Rorschach, kisha akafundisha shule ya msingi katika kijiji cha Au. Vijana wetu wa mpira nao watafurahi kusikia kwamba alicheza katika timu ya Brühl ya St. Gallen, iliyotwaa ubingwa wa Uswisi mwaka 1915. Mwaka 1919 aliacha chaki akaingia polisi ya jimbo, na mwaka 1925 akawa mkuu wake kwa cheo cha kapteni. Alikuwa na mshahara, heshima ya watu, na pensheni ikimsubiri uzeeni. Msomaji ayaweke hayo moyoni, maana ndiyo aliyokuja kuyapoteza.

Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na nchi hiyo ikaunganishwa na Ujerumani. Wayahudi wa Austria walianza kupigwa, kunyang'anywa maduka na kufukuzwa kazini. Wengi walikimbilia mpaka wa Uswisi. Mpaka ule kwa sehemu kubwa ni mto Rhine, lakini karibu na kijiji cha Diepoldsau unafuata mkondo wa zamani wa mto, wenye maji machache. Hapo ndipo wengi walipovuka usiku, wengine wakiwa hawana hata mfuko wa nguo. Hatuhitaji kueleza zaidi. Wazee wetu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wanaujua usiku wa namna hiyo.

Agosti 1938 wakuu wa polisi wa Uswisi waliitwa mkutanoni kuzungumzia wageni hao. Kapteni Grüninger alisimama akapinga kuwarudisha, kwa sababu za ubinadamu. Hakusikilizwa. Siku chache tu baadaye mpaka ulikuwa umefungwa: asiye na ruhusa asiingie, na aliyeingia kwa siri arudishwe. Mwaka huo huo, baada ya mazungumzo ya Uswisi na Ujerumani, pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zilianza kupigwa alama ya herufi J, ili askari wa mpakani amtambue mwenyewe mara moja.

Basi Kapteni alifanya nini? Hakupiga risasi, wala hakuhutubia mkutano wa hadhara. Alitumia tarehe. Watu waliofika baada ya amri waliandikiwa kwamba walifika kabla yake. Kwa tarehe hiyo moja, mtu aliyetakiwa kurudishwa alipata kubaki. Sisi tuliokaa saa nyingi kwenye foleni tukisubiri karatasi moja igongwe muhuri tunaelewa uzito wa jambo hilo kuliko watu wengine. Pale Diepoldsau kiwanda cha zamani cha kutarizi vitambaa kiligeuzwa kuwa kambi, na chama cha Wayahudi cha kusaidia wakimbizi kikawatunza watu waliokaa humo. Inasimuliwa pia kwamba Kapteni alitoa pesa zake mwenyewe kuwanunulia wahitaji nguo za baridi. Waliopona kwa njia hiyo ni mamia. Wapo wanaotaja hata 3,600, ingawa wanahistoria hawakubaliani juu ya hesabu hiyo.

Jambo hilo halikuweza kufichika. Aprili 1939 alisimamishwa kazi, na Mei akafukuzwa kabisa, bila pensheni. Mwaka 1940 mahakama ya St. Gallen ilimtia hatiani kwa kuvunja wajibu wa kazi na kughushi hati, ikamtoza faini ya faranga 300 pamoja na gharama za kesi. Maneno ya mtaani yakaongezeka: eti alikula rushwa, eti alitaka wanawake. Waliochunguza baadaye hawakuona ushahidi wa hayo. Lakini uvumi hauhitaji ushahidi ili kumfungia mtu milango ya kazi.

Mzigo huo haukumwangukia peke yake. Mke wake Alice aliishi naye katika dhiki. Binti yao mkubwa, Ruth, alikuwa akisoma shule ya biashara huko Lausanne. Alilazimika kuacha masomo ili atafute kazi ya kuisaidia familia. Kapteni mwenyewe hakupata tena kazi ya kudumu. Aliuza makoti ya mvua, akafanya vibarua vya hapa na pale, na baadaye akarudi kushika chaki kama mwalimu wa muda. Hata hivyo hakujutia alichokifanya.

Kwa miaka zaidi ya 30 serikali ya jimbo lake haikumsafisha. Desemba 1970 ilimwandikia barua ya kumshukuru, lakini pensheni haikurudishwa. Mwaka 1971 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimpa heshima ya Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Tarehe 22 Februari 1972 akafariki, na mbele ya sheria ya nchi yake alikuwa bado mhalifu.

Familia na marafiki hawakuchoka. Mwandishi wa habari Stefan Keller alipekua majalada ya zamani, akakusanya habari za watu waliookolewa, na mwaka 1993 akatoa kitabu. Mwaka huo serikali ya St. Gallen ilimrudishia heshima yake. Tarehe 30 Novemba 1995 kesi ilisikilizwa upya, na mahakama ikamwachia huru miaka 23 baada ya kifo chake. Mwaka 1998 jimbo lililipa faranga zaidi ya milioni 1 kwa ajili ya mshahara na pensheni alizonyimwa. Familia haikugawana pesa hizo. Ziliwekwa katika mfuko wenye jina lake, wa kutetea haki za binadamu. Tangu mwaka 2004 Uswisi ina sheria ya kufuta hukumu za watu walioadhibiwa kwa kuwasaidia wakimbizi wa wakati ule. Na mwaka 2012 daraja kati ya Diepoldsau na Hohenems ya Austria, mahali pale pa kuvukia, lilipewa jina la Paul Grüninger.

Ndugu wasomaji, tunajifunza nini?

Kwanza, hatukuandika haya ili kumfundisha mtu kughushi karatasi. Anayeandikisha jina la uongo kwenye orodha ya mgao asijifananishe na Kapteni. Yeye alibadili tarehe akapoteza mkate wa nyumba yake. Huyu anabadili jina ili ale mkate wa jirani. Tofauti hiyo tuifundishe watoto wetu.

Pili, sheria nazo hujifunza. Mwaka 1951, katika mji wa Geneva, hukohuko Uswisi, mataifa yalipitisha Mkataba wa Wakimbizi. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake uko hatarini. Kifungu cha 31 kinakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali, ikiwa ametoka moja kwa moja katika hatari na akajitokeza bila kuchelewa mbele ya wakuu. Na sisi Waafrika tuna mkataba wetu wa OAU wa mwaka 1969. Lile ambalo Kapteni alifukuziwa kazi, leo limeandikwa kuwa wajibu wa serikali. Watumishi wa mashirika na maofisa mnaoshika mihuri, tunawaomba mkumbuke kwamba nyuma ya kila karatasi yupo mtu anayesubiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huo ni wosia kwa mtenda. Aliyetendewa hakuambiwa aende zake asahau. Kapteni alisafishwa kwa sababu palikuwa na watu waliokumbuka na mtu aliyeandika, lakini walichelewa, mzee akawa ameshakufa. Je, sisi tunawakumbuka waliotupokea? Mvuvi aliyetupakia bila nauli. Mama wa kijijini aliyepika ugali kwa watu asiowajua. Askari wa mpakani aliyenyoosha mkono akasema, piteni. Wengi wao hatukuwauliza hata majina, na wengine nao wanazeeka.

Kwa hiyo sisi walimu tumefungua daftari katika ofisi ya kamati. Kila familia inakaribishwa kuleta habari ya mtu mmoja aliyewasaidia njiani: alifanya nini, wapi, mwaka gani. Ikiwa jina lake linaweza kumletea madhara huko aliko, lisiandikwe. Tendo lake litatosha. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule, mzazi asimulie na mtoto aandike. Wazee tunawaomba mtangulie, kwa sababu mnayoyajua ninyi hakuna mwingine anayeyajua.

Mungu amlaze Kapteni Grüninger mahali pema.