Kilima cha Kidichi na Mali Yake

Mtu atokaye Usambara, akifika Kidichi, hataona mlima. Mgongo wa Masingini, ambao ndio nchi ya juu kuliko zote katika kisiwa cha Unguja, haufiki mita 150, na Kidichi yenyewe iko mwendo wa kama kilomita 11 tu kutoka mjini. Hata hivyo, mwinuko huo mdogo umetenda makubwa. Mashariki ya kisiwa ni uwanda wa mawe, wenye udongo haba. Lakini huku mgongoni mna ardhi nyekundu ya kina, iitwayo kinongo, na mvua ya kutosha. Milima mingine hujulikana kwa dhahabu au shaba yake. Kidichi haikuwa na machimbo ila udongo huo.

Mali ilikuja na mkarafuu. Mti huo uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na shamba la Saleh bin Haramil huko Kizimbani, jirani na Kidichi, lilikuwa miongoni mwa yale ya awali. Sayyid Said bin Sultan alilitwaa shamba hilo, akawahimiza na wenye ardhi wengine wapande karafuu, hata misitu ya vilimani ikafyekwa.

Mwaka 1850 Sayyid Said alijenga hamamu Kidichi kwa ajili ya mkewe Shehrazad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi. Kuta zake zilitiwa nakshi za chokaa zenye maua, mitende na ndege, mapambo yasiyokuwa desturi ya Waibadhi wa Omani. Salme binti Said naye alimtaja bibi huyo katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Basi bibi ana jengo, tena ana kitabu.

Je, waliofyeka msitu na kupanda mikarafuu wana nini? Wengi wao walikuwa watumwa waliotolewa bara. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla tumba halijafunuka, kisha huchambuliwa makonyo na kuanikwa juani. Mvua ikinyesha, huanuliwa mbio. Hakuna hatua katika kazi hiyo isiyohitaji watu wengi.

Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikaongoza. Mwaka 1897 sheria iliondoa hali ya utumwa, lakini ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuomba uhuru, naye bwana alipwe fidia. Walioachwa huru wengi walibaki katika mashamba yale yale, wakipalilia mikarafuu ya wengine ili wapate pa kulima muhogo wao. Ardhi haikubadilika mikono kwa wingi mpaka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ilipoitwaa, na tangu 1965 ikawagawia wakulima eka tatu tatu.

Siku hizi wageni hupanda Kidichi kutazama hamamu na kunusa viungo mashambani. Huonyeshwa nakshi, na ni haki zionyeshwe, kwa kuwa ni kazi njema. Lakini fedha iliyoijenga hamamu ilitoka mitini, na mikarafuu nayo haikujipanda. Anayeieleza historia ya kilima hiki kwa jina la bibi peke yake amesimulia habari za nyumba, akaacha habari za shamba lililoilisha.