Jelato na aiskrimu: kwetu baridi njo ilikosa

Wengi wanasema jelato ni aiskrimu yenye jina la Kiitaliano. Sivyo. Jelato iko na maziwa mengi, kreme kidogo na hewa kidogo, njo maana iko nzito. Aiskrimu iko na mafuta zaidi. Sheria ya Marekani inaomba angalau 10% ya mafuta ya maziwa.

Zote mbili zilianza mbele ya umeme. Kule Sicilia walishusha theluji ya mlima Etna. Ukiichanganya na chumvi, baridi inapita chini ya 0. Mwaka 1686 Msicilia Procopio alifungua mkahawa Paris, akauza vitu vya barafu. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Philadelphia akapata hati ya mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Sisi pia tuko na volkano, lakini Nyiragongo inatoa moto, haitoi theluji. Hapa Kiwanja maziwa iko, baridi njo ilikosa: ya asubuhi isipouzwa, kesho imechacha, mfugaji amepoteza. Tangu 2015 kuko mtambo wa Matebe, umeme wa hapa hapa Rutshuru. Amani ikirudi, tuanze na jelato: haiombi kreme nyingi, inaomba maziwa. Hiyo tuko nayo. Mnasemaje?