Siku niliyogeuzwa waya

Wadau, wiki iliyopita nilizungushwa dirisha hadi dirisha katika ofisi moja hapa mjini, nimebeba fotokopi za taarifa ambazo ofisi hiyo hiyo inazo kwenye kompyuta zake. Kompyuta za chumba hiki haziongei na za chumba kile, basi mimi ndiye nikawa waya. Tatizo hili lina historia yake.

Hesabu yake ni rahisi. Mifumo 5, kila mmoja ukiunganishwa na kila mwenzake, inahitaji viungo 10. Ikifika 20, viungo ni 190! Kila kiungo kina mtu aliyekiandika, na siku akiacha kazi anaondoka na siri zake.

Miaka ya 1980, huko Marekani, Vivek Ranadivé, mzaliwa wa India, aliangalia ndani ya kompyuta yenyewe. Humo vipande huwasiliana kwa njia moja ya pamoja iitwayo basi, neno lililokatwa kutoka omnibus, Kilatini cha "kwa wote", kama lile basi letu la abiria. Kwa nini programu nazo zisipande basi moja? Kampuni yake, Teknekron, ikawatengenezea wafanyabiashara wa hisa The Information Bus: bei inatangazwa mara moja, anayeihitaji anaidaka. Reuters wakainunua kampuni hiyo mwaka 1994. Mwaka 1993 IBM nao walikuwa wametoa MQSeries, ambapo ujumbe husubiri kwenye foleni mpaka mpokeaji awe tayari.

Miaka ya 2000 likashika jina la "basi la huduma", kwa kifupi ESB. Ross Mason, aliyechoshwa na kazi za kipunda za kuunganisha mifumo, akaanzisha Mule, yaani nyumbu, bure kwa yeyote. Mwaka 2018 Salesforce waliinunua MuleSoft kwa dola bilioni 6.5 hivi.

Lakini makampuni mengi yaliharibu. Yalijaza sheria zote za biashara ndani ya basi, konda akawa bosi. Kubadili kitu kidogo, lazima upange foleni kwake. Mwaka 2014 James Lewis na Martin Fowler wakaandika kinyume chake: akili ikae kwenye programu za mwisho, njia ibebe mzigo tu.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kuandika programu, usianze na jina la bidhaa. Anza kwa kujiuliza: nani anatuma, nani anapokea, na mpokeaji akiwa amezima itakuwaje?

Tanzania tayari tunalo basi letu, GovESB, lililotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao ili mifumo ya taasisi za umma ibadilishane taarifa. Ila basi kuwapo kituoni si sawa na kila ofisi kupanda. Isiyopanda, mzigo wake anabeba mwananchi kwa fotokopi.

Je, wewe umewahi kugeuzwa waya? Tuambizane.