Makarani wa Mawakili na Kazi za Wafanyabiashara Kabla ya Leseni

Wanafunzi wa sheria wameandika mikataba ya wafanyabiashara kwa karne kadhaa kabla ya kuruhusiwa kujiita mawakili. Nchini Uingereza utaratibu huo uliingizwa katika sheria mwaka 1729, Bunge lilipoagiza kwamba mtu asikubaliwe kuwa wakili wa ofisini mpaka awe ametumikia miaka 5 chini ya wakili aliyesajiliwa, kwa mkataba wa maandishi, na jaji awe amemhoji na kuridhika naye. Mawakili wa mahakamani, wanaosimama kutetea kesi, walikuwa na njia yao tofauti kupitia vyuo vya kale vya London. Wa ofisini alijifunza mezani.

Meza hiyo ilikuwa na kazi za kila namna, na nyingi zilitoka kwa watu wa biashara. Mwanafunzi huyo, aliyeitwa karani wa mkataba, alinakili hati kwa mkono, neno kwa neno, mpaka akazijua kwa moyo: rehani, mikataba ya ubia, hati za mauziano ya nyumba na maghala, madai dhidi ya wafanyabiashara waliofilisika. Alipeleka nyaraka kortini, akachunguza historia ya umiliki wa ardhi, akaandaa hesabu ya ada ya kumdai mteja. Baada ya mwaka mmoja au miwili alikuwa akitunga rasimu mwenyewe, na bwana wake anasoma, anasahihisha na kutia saini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya sheria iliyomfikia mfanyabiashara wa Uingereza wa karne ya 18 na ya 19 ilipita kwanza mikononi mwa kijana asiye na leseni. Jambo hilo halikuonekana kuwa kasoro. Wakili ndiye aliyebeba dhima, na makosa ya karani yalihesabiwa kuwa yake.

Kasoro halisi ilikuwa bei ya kuingia. Familia ililipa ada kwa wakili ili amchukue kijana wao, na kuanzia mwaka 1794 serikali nayo ilitoza ushuru wa stempu wa pauni 100 kwenye mikataba mingi ya aina hii, fedha ambayo kibarua wa kawaida asingeikusanya kwa miaka kadhaa. Mtu alifanya kazi miaka 5, kwa kawaida bila mshahara, na akalipia nafasi hiyo. Watoto wa maskini waliokuwa na akili na mwandiko mzuri waliishia kuwa makarani wa kudumu: walifanya kazi zilezile bila matumaini ya kusajiliwa.

Mfano unaojulikana vizuri ni wa Benjamin Disraeli, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Novemba 1821, akiwa na umri wa miaka 16, baba yake alilipa gini 400 ili aingie katika ofisi moja ya mawakili katikati ya eneo la biashara la London. Alipangiwa kuwa katibu binafsi wa mmoja wa wabia wa ofisi hiyo. Kila siku aliandika barua kwa imla, na wateja walipoingia hakutakiwa kutoka chumbani. Wengi wao walikuwa wakurugenzi wa mabenki na wa Kampuni ya India Mashariki, na wafanyabiashara wakubwa. Kijana huyo akajifunza jinsi fedha inavyozungumza, na haukupita muda akaingia mwenyewe katika hisa za kampuni za migodi ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1825 aliandika vijitabu vya kuzisifu kampuni hizo. Soko lilipoanguka mwishoni mwa mwaka huo, akabaki na madeni yaliyomwandama kwa miaka mingi. Mafunzo ya uwakili hakuyamaliza. Kisa chake kinaonyesha hatari ambayo sheria ya 1729 haikuigusa: mwanafunzi aliyeketi karibu na siri za wateja aliweza kuvutwa na tamaa kabla hajafundishwa mipaka ya kazi.

Karne ya 19 ilileta mitihani. Chama cha mawakili wa ofisini kilichoanzishwa mwaka 1825 kilianza kutoa mihadhara mwaka 1833, na mwaka 1836 mtihani wa maandishi ukawekwa mahali pa mahojiano ya jaji, ambayo mara nyingi yalikuwa ya kutimiza desturi tu. Wanawake walizuiwa mlangoni. Mwaka 1913 mahakama ilikubaliana na chama hicho kwamba mwanamke hakuwa mtu anayeweza kuwa wakili wa ofisini, na sheria iliyoondoa kizuizi hicho ilipitishwa mwaka 1919. Carrie Morrison, aliyemaliza ukarani wake kama wenzake wa kiume, akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa, Desemba 1922.

Afrika Mashariki ilirithi utaratibu huu kwa namna iliyopinda. Katika makoloni wakili mmoja alifanya kazi zote mbili, ya kortini na ya ofisini. Lakini Waafrika wengi waliopata nafasi ya kusoma sheria London walisomea uwakili wa mahakamani, na hivyo wangeweza kurudi na haki ya kusajili kampuni au kuandika rehani bila kuwahi kuona hati hizo zikiandaliwa. Kamati ya jaji wa Uingereza, Lord Denning, kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, iliyotoa ripoti mwaka 1961, iliona pengo hilo na kupendekeza mafunzo yatolewe nyumbani. Oktoba mwaka huohuo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikipokea wanafunzi wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka 1963 Chuo cha Sheria cha Kenya kilianzishwa Nairobi ili kuwafundisha makarani wa mkataba. Ofisi zenyewe, hata hivyo, nyingi zilikuwa za Wazungu na Waasia, na kijana wa Kiafrika alihitaji kwanza apate wakili wa kumkubali.

Tanzania ilichukua mkondo wake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililoielekeza nchi kwenye ujamaa, wafanyabiashara wakubwa wakawa mashirika ya umma, na mwaka 1970 serikali ikaunda Shirika la Sheria Tanzania kuyahudumia. Wahitimu walipitia mafunzo ya vitendo yaliyosimamiwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Ofisi binafsi zilipoongezeka tena baada ya uchumi kufunguliwa, utaratibu huo ulibanwa na wingi wa wahitimu, na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Mipaka ya kazi ya asiye na leseni imeandikwa waziwazi zaidi katika Sheria ya Mawakili ya Kenya. Kifungu cha 34 kinamkataza kuandaa hati za uhamisho wa mali, za kuunda kampuni yenye dhima yenye kikomo au za ubia, na kinamkataza kupokea malipo kwa kazi hizo. Kifungu hichohicho kinamwacha mtu aliyeajiriwa na wakili anayetenda ndani ya ajira yake. Mlango huo ndio mwanafunzi anaopitia katika miezi 6 ya mazoezi chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5. Kenya na Tanzania zote zinataka jina na anwani ya aliyeandaa hati viandikwe juu yake, na jina linaloandikwa ni la wakili au ofisi yake, hata kama usiku kucha aliyekesha na rasimu ni mwanafunzi.

Uingereza yenyewe iliacha jina la ukarani wa mkataba mwaka 1990, na kuanzia Septemba 2021 inakubali miaka 2 ya kazi iliyofanyika katika sehemu zisizozidi 4, zikiwemo kliniki za sheria za vyuo vikuu. Mwanafunzi anayemsaidia mwenye duka dogo kusoma mkataba wa pango, chini ya usimamizi, sasa anaweza kuhesabiwa muda huo katika safari yake ya kusajiliwa bila kumlipa mtu gini yoyote.