Laana, Ubatizo na Orpeko: Uthabiti wa Wakristo wa Mlima Meru

Historia ya Ukristo katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, ambako Mto Themi hushuka kuelekea jiji la Arusha, huanzishwa na waandishi wengi kwa kifo cha wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa huko Akeri usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 pamoja na wasaidizi wao Wachaga. Kuanzia hapo kuna sababu, kwa kuwa Walutheri wa Meru huwakumbuka marehemu hao kama mashahidi wa imani, yaani watu waliotoa uhai wao kwa ajili ya kumkiri Kristo. Hata hivyo, anayeishia hapo huwapa sifa yote ya uthabiti watu waliokaa mlimani siku chache tu, na kuwanyima wale walioishi na imani hiyo maisha yao yote katikati ya ndugu wasioikubali.

Aidha, mauaji ya Akeri hayawezi kuelezwa kuwa mapambano ya kiroho peke yake. Siku zile zile Kapteni Kurt Johannes, kamanda wa Kijerumani wa Moshi, alikuwa amefika mlimani na askari wake, na morani, yaani vijana wapiganaji wa Waarusha na Wameru, hawakuwa na sababu ya kuwatofautisha Wazungu wenye Biblia na Wazungu wenye bunduki, kwa kuwa wote walitokea upande mmoja kwa wakati mmoja. Malipizi yaliyofuata, ambayo Johannes aliyaendesha akisaidiwa na wapiganaji wa Kichaga, yaliacha nyumba zimechomwa na mifugo imetekwa, na miaka michache baadaye wenyeji walilazimishwa kujenga boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho katikati ya jiji. Misioni ya Leipzig iliporudi na kufungua kituo cha Nkoaranga kwa Wameru mwaka 1902, kisha Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904, iliwahubiria watu waliokwisha kushindwa vitani, na jambo hilo liliifanya imani mpya ionekane kwa wengi kuwa ni dini ya washindi.

Ni katika hali hiyo ndipo upinzani wa kiroho unapaswa kutazamwa kwa karibu. Waarusha, ambao ni wakulima wanaosema lugha ya Kimaa kama Wamasai, walikwisha kumwomba Mungu mmoja, Engai, kabla ya mmisionari yeyote kufika, kwa hiyo ubishi haukuwa juu ya kuwapo kwa Mungu, bali juu ya njia ambayo baraka zake zilimfikia mtu. Njia hiyo ilipita kwa wazee. Mzee ndiye aliyembariki kijana kwa kumtemea mate au pombe ya asali, ndiye aliyesimamia kuchinjwa kwa kondoo wa tambiko palipotokea ugonjwa au ukame, na ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutamka laana, ambayo iliaminika kuwa inaweza kumwondolea mtu afya, watoto na ng'ombe. Pamoja naye alikuwapo oloiboni, mtaalamu wa ramli na dawa, ambaye morani walimtegemea kabla ya vita na wenye nyumba walimwendea nyakati za matatizo.

Kijana aliyebatizwa na kukataa kula nyama ya tambiko hakuhesabiwa kuwa amebadili mawazo yake binafsi tu, bali kwamba ameuhatarisha ukoo mzima, kwa sababu tambiko lililokosa mmoja wa wahusika lilikuwa na kasoro. Hatari iliyomkabili ilikuwa ya kiroho na ya kiuchumi kwa pamoja: baba aliyeweza kumlaani ndiye pia aliyekuwa na shamba la migomba la kumrithisha na mifugo ya kumtolea mahari, na rika, yaani kundi la waliotahiriwa katika kipindi kimoja, ndilo lililomtetea katika kesi na kumpa heshima mbele ya watu. Haishangazi, basi, kwamba wengi wa wanafunzi wa kwanza wa vituo vya misioni walikuwa vijana ambao hawakuwa na mengi ya kupoteza. Wengine waliyumba, wakarudi, kisha wakaja tena. Na pengine ni haki kusema kwamba kuyumba huko ni sehemu ya uthabiti wenyewe, ingawa vitabu vya kanisa havipendi kukutaja.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Arusha mwaka 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walilazimika kuondoka, wakiacha sharika changa mikononi mwa walimu wenyeji, ambao walifundisha shule siku za wiki na kuhubiri Jumapili. Kama imani ingekuwa dini ya washindi tu, ingeondoka pamoja nao. Walimu hao, akiwamo Lazaros Laiser wa Ilboru, ambaye mwaka 1934 alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa kanisa la kaskazini kuwekewa mikono kuwa wachungaji, waliendelea kukaa katika koo zao na kuamua wenyewe ni mila ipi ivumiliwe na ipi ikataliwe.

Sura nyingine ya upinzani huo ilijitokeza baadaye katika nyanda za Wamasai zinazouzunguka mlima. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilienea hali iitwayo orpeko, yaani kupagawa na pepo, iliyowapata zaidi wanawake, ambao walitetemeka, walizimia au waliishiwa nguvu kwa muda mrefu. Wamasai wenyewe waliiona kuwa ni kitu kigeni, na oloiboni hakuwa na dawa yake. Dawa iliyosifiwa ilikuwa ubatizo: mgonjwa aliombewa, aliimbiwa na wanawake wenzake, akaingia katika mafundisho ya ubatizo, na mume ambaye pengine asingemruhusu kwenda kanisani alikubali kwa sababu ya ugonjwa. Wataalamu kama Arvi Hurskainen na Dorothy Hodgson wameichunguza hali hiyo, na Hodgson ameonyesha kwamba kupitia kanisa wanawake walijipatia jumuiya yao wenyewe, ambayo wanaume hawakuitawala. Maelezo hayo ya kijamii ni mazito, lakini hayatoshi yakiwa peke yake, kwa kuwa wanawake hao walisema kwamba wamefunguliwa, na ushuhuda wa mhusika nao ni chanzo cha historia.

Majina ya Ovir na Segebrock yamo vitabuni na hayatasahaulika. Yaliyo hatarini kupotea ni ya walimu wa miaka ya 1920 na ya wanawake waliobatizwa kwa sababu ya orpeko, na sharika za Arusha na Meru zenye madaftari ya zamani ya ubatizo zingefanya kazi njema kuyahifadhi na kuyafungua kwa watafiti, wakati baadhi ya wanawake hao bado wako hai na wanaweza kuulizwa.