Fundi Anayeisikiliza Kompyuta

"Skrini yako inaonyesha nini?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila fundi wa kompyuta anayepokea simu ya mteja. Mteja akiwa haoni, mazungumzo yanakwama hapo hapo. Ufundi wa wasioona ulibidi utafutiwe njia nyingine, na walioitafuta kwa bidii zaidi ni wasioona wenyewe.

Enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, miaka ya 1980, mambo yalikuwa mepesi kiasi. Skrini ilikuwa mistari 25 ya maandishi matupu, kila mstari herufi 80. Programu ya kusoma skrini iliyachota maandishi hayo kwenye kumbukumbu ya mashine na kuyapeleka kwenye kisanduku cha sauti kama DECtalk, kilichotoka mwaka 1984. Sauti ikikatika, jambo la kwanza lilikuwa kupapasa nyuma ya mashine kutafuta waya uliochomoka.

Wakati huo Marekani alikuwapo Ted Henter, mhandisi na mwendesha pikipiki za mashindano aliyepofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978. Alirudi kusoma, safari hii uandishi wa programu, kisha akafungua kampuni St. Petersburg, Florida, pamoja na mfanyabiashara Bill Joyce. Mwaka 1989 ikatoka programu yao ya kusoma skrini, JAWS. Baadaye wateja walipata pia kaseti za mafunzo: unasikiliza hatua moja, unasimamisha redio, unabonyeza kibodi, unaendelea. Kwa mtu ambaye kitabu cha maelekezo hakimfai kitu, kaseti ile ilikuwa mwalimu asiyechoka kurudia.

Kisha ikaja Windows, na maandishi yakageuka picha. Wasioona waliokuwa na ajira maofisini walishikwa na hofu, na haikuwa hofu ya bure. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995, lakini ili isome ilibidi ijipenyeze kati ya Windows na kadi ya video, ikinasa kila kinachochorwa. Fundi wa ofisi akibadilisha kadi hiyo bila kuuliza, sauti ilinyamaza. Yeye anatazama skrini, anaona kila kitu kipo, anaaga na kwenda zake.

Bei nayo ilikuwa mlima. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, JAWS iliuzwa kwa karibu dola 1,000. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu ya bure ya aina hiyo, NVDA, na baadaye akaungana naye rafiki yake wa utotoni, James Teh, asiyeona pia. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo husoma hata Kiswahili, japo kwa lafudhi ya chuma.

Mwaka 2015 Christopher Toth na Tyler Spivey wakaiongezea NVDA kitu kilichogeuza kabisa kazi ya ufundi. Watu wawili wanapeana neno la siri, mmoja anaongoza, mwingine anaongozwa. Haitumwi picha hata moja. Kinachosafiri ni vibonyezo vya kibodi upande mmoja, na upande wa pili maneno ambayo kompyuta ya mbali inayatamka. Mtandao dhaifu unatosha, na fundi asiyeona anaitengeneza mashine iliyo nchi nyingine kwa kuisikiliza tu. Mwaka 2025 uwezo huo uliingizwa ndani ya NVDA yenyewe.

Hata hivyo macho yana mahali pake. Windows ikigoma kuwaka, mara nyingi programu ya kusoma skrini haisemi neno. Hapo ndipo inaposaidia Be My Eyes, iliyozinduliwa mwaka 2015 na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, mwenye uoni hafifu: unaelekeza kamera ya simu kwenye skrini, mtu anakusomea. Mwaka 2018 Microsoft ilianza kupokea simu za aina hiyo kupitia huduma hiyo.

Kero nyingine hata si ubovu. Kwenye iPhone, ambayo ilianza kuwasomea wasioona mwaka 2009, kugonga kioo mara tatu kwa vidole vitatu hushusha pazia: kioo kinakuwa cheusi, simu inaendelea kufanya kazi, wapita njia hawachungulii. Mpelekee fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, atakwambia kioo kimekufa. Pazia likiondolewa, atagusa alama mara moja isifunguke, kwa sababu mguso mmoja ni wa kusomewa na miwili ndiyo ya kufungua. Atasema tachi nayo imeharibika. Kwenye simu nyingi za Android, kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache huwasha au kuzima TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu hizo, mradi njia hiyo ya mkato imeruhusiwa kwenye mipangilio. Fundi anayelijua hilo hafungui hata skrubu moja.